Joho Lililovutwa

Zama hizo Mreno angali amejifungia ndani ya Ngome ya Mombasa, na watu wa pwani yetu wakila njama za kumtoa, huko Uingereza Waingereza walikuwa wakichinjana wenyewe kwa wenyewe. Mfalme alikuwa upande mmoja, Bunge upande wa pili, na raia katikati akipigwa na wote wawili. Sisi tumezoea kuwasikia watu hawa walipokuwa wakitawala nchi za wenzao. Tusisahau kwamba kabla ya hapo walibomoleana kuta za kwao.

Katika mji wa Aldminster palikuwa na chuo kikuu cha kale, na mji huo ulikuwa wa mfalme. Jeshi la Bunge liliuzingira majira ya majani kupukutika. Baridi ilipokaza, watu walikuwa wamekwisha kula farasi, na sasa walikuwa wakiwatazama paka kwa jicho jingine.

Mnadhimu wa chuo hicho, yaani mtunza kanuni na nidhamu yake, aliitwa Gervase Thorley. Siku adui alipolivunja Lango la Kaskazini kwa mzinga, Thorley aliwapanga wanafunzi wake waliovaa kofia za chuma zilizowapwaya, akawashikisha mikuki mirefu, naye akasimama mbele yao na upanga, joho lake jeusi la sufu amelichomeka mkandani. Risasi za bunduki za utambi zilimpita masikioni, asipepese jicho. Walipigana hapo hadi adui akarudi nyuma, na lango likazibwa kwa magogo na mabenchi ya darasani. Tangu hapo mji mzima ulimwita simba. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba mtu huyu aliogopa kufa.

Kisha akaja mjumbe wa jenerali wa Bunge, kitambaa cheupe juu ya mkuki, na maneno yake yalikuwa machache: "Mtoeni Daktari Ambrose Pell, na magari ya ngano yataingia mjini. Kengele ya adhuhuri ya kesho ikilia hamjamtoa, hamtapata punje."

Pell alikuwa mzee wa chuo, bingwa wa Kiyunani, aliyehubiri hadharani kwamba Bunge limemwasi Mungu na mfalme. Ndiye pia aliyemwokota Thorley katika ua wa baba yake, mtengeneza ngozi, akamfundisha kusoma, akamlisha mezani kwake, akamfanya mtu. Bila Pell, Thorley angekuwa bado anakwangua manyoya ya ng'ombe.

Thorley akamwendea chumbani mwake. Akamkuta mzee anachoma miguu ya kiti ili apate moto.

"Mwalimu, umesikia?"

"Nimesikia. Keti, mwanangu. Hapo hapo chini, kiti chako ndicho hiki kinachoungua."

"Hawawezi kukutoa. Sheria ni ya kale kuliko mfalme mwenyewe: mtu wa chuo hatolewi nje ya kuta bila kauli ya baraza."

"Na baraza lina njaa," akajibu Pell. "Mwenye njaa hana miiko. Siwalaumu. Lakini nakuomba jambo moja, Gervase. Kesho utakapotembea, tembea polepole."

Hapa yafaa nieleze desturi ya watu wale. Katika baraza lao kura hazikupigwa wala mikono haikuinuliwa. Shauri lilisomwa, kisha Mnadhimu akatembea kutoka kiti cha Makamu Mkuu hadi mlangoni na kurudi, joho lake likiburuzika sakafuni katikati ya mabenchi. Mwenye pingamizi hakuhitaji kutamka neno. Alinyoosha mkono, akalivuta joho. Mvuto mmoja ulitosha: Mnadhimu husimama, na shauri huahirishwa hadi kesho yake, mwenye pingamizi apate kusikilizwa. Lisipovutwa, wote wamekubali. Wakale wao waliiweka desturi hii makusudi, ili mnyonge asiyethubutu kumpinga mkubwa kwa kinywa ampinge kwa vidole.

Asubuhi baraza likakutana. Makamu Mkuu, Daktari Lisle, mtu mnene aliyekuwa amekonda ghafla hata ngozi ya mashavu ikamning'inia, akamvuta Thorley kando kabla hawajaanza.

"Watoto wa mji wanakufa, Bwana Mnadhimu. Mtu mmoja kwa mji mzima. Tena mtu mzee."

"Nami nitafuata kanuni, Bwana Makamu."

"Fuata. Lakini usichelewe. Mimi kiti hiki sitakikalia milele, na wapo wanaotazama nani anafaa kunirithi."

Shauri likasomwa: Ambrose Pell atolewe. Thorley akaanza kutembea. Pell alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono mapajani, akitabasamu kidogo kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi akisoma. Thorley akafika mlangoni, akageuka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Na alipokuwa akirudi, katikati ya ukumbi, upande wa kushoto, joho likavutwa.

Hakika lilivutwa. Alilisikia begani, na shingo yake ikarudi nyuma kidogo. Nje, watoto walikuwa wakililia ngano. Mbele, Makamu Mkuu alikuwa amemkodolea macho. Thorley akajiambia: ni msumari wa benchi. Akapiga hatua nyingine, na nyingine, mpaka akafika kitini.

"Hakuna pingamizi," akatangaza.

Simba wa Lango la Kaskazini, aliyesimama mbele ya mizinga, alishindwa kusimama kwa ajili ya vidole viwili!

Pell akatolewa kwa lango lile lile kabla ya adhuhuri. Alipompita Thorley alimgusa mkono, akasema, "Ulijitahidi," maana yeye alikuwa ameketi mbele na hakuona kitu. Jioni askari wa Bunge walimnyonga juu ya mwaloni, mbele ya macho ya watu waliokuwa juu ya kuta wakitafuna mkate. Mvua ikanyesha usiku kucha, mto ukafurika, kambi ya Bunge ikasombwa, mahema na baruti pamoja. Kulipokucha jeshi zima lilikuwa linaondoka. Shauri lile lingeahirishwa siku moja tu, mzee angepona.

Majuto ni mjukuu, na ya Thorley yalikua naye. Vita vikaisha, mfalme akaanguka, mfalme mwingine akarudi, na kila utawala ulimwona Thorley kuwa mtu wa kufaa. Akawa mkuu wa nyumba moja ya wanafunzi pale chuoni, kisha Makamu Mkuu. Alijenga maktaba, akachimba mitaro ya maji machafu, akawalisha wanafunzi fukara mezani kwake kama alivyolishwa yeye. Watu walimsifu. Kila sifa ilimchoma, na hakuruhusu mtu yeyote ashone ule mshono uliofumuka siku ile begani mwa joho lake la zamani.

Siku moja akaitwa kwa Tobias Wragg, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa hoi kitandani. Wragg alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Alifundisha kwa chaki kuliko kwa ulimi, na barazani hakuwahi kusema neno.

"Bwana Ma-Makamu," akasema, "nina dhambi. Nilimuua Daktari Pell."

"Wewe?"

"Nilikuwa benchi la ka-kati. Nilishika joho lako. Ukapita. Nikajiambia, kumbe sikuvuta kwa nguvu. Ningenyoosha mkono tena, ni-nikaogopa. Miaka yote hii vidole hivi nimevichukia."

 Thorley alijua kwamba akinyamaza, siri itakwenda kaburini na mtu huyu, na jina lake litabaki safi juu ya mlango wa maktaba. Machozi yakamtoka.

"Ulivuta, Tobias. Ulivuta sawasawa. Nilisikia."

Wragg akageuza uso kuelekea ukutani. "Ungeniambia," akasema, na safari hii ulimi haukumkwama. "Miaka yote hiyo nakula meza moja nawe. Ungeniambia."

Wiki ile Thorley aliita baraza, akawasimulia yote bila kujitetea. Kisha akamkabidhi Mnadhimu kijana shauri aliloliandika mwenyewe: Gervase Thorley atolewe chuoni asirudi. Akashuka kitini, akaketi benchi la mbele, mahali pale pale alipoketi Pell.

Mnadhimu akaanza kutembea. Alikwenda polepole, masikini, akiomba mtu amsimamishe, kwa maana wengi humo walikuwa wamekula mkate wa Thorley. Akafika mlangoni. Hapo wapishi wawili walikuwa wamesimama na kiti, na juu ya kiti Wragg, amefunikwa blanketi. Wragg akanyoosha mkono, akalivuta joho.

Mnadhimu akasimama. Ukumbi mzima ukageuka, na Thorley akainua kichwa, uso wake umejaa tumaini ambalo hakuwa na haki nalo.

"Sema, Mwalimu," akasema Mnadhimu. "Una pingamizi?"

Wragg alilishikilia lile joho, akimtazama kijana aliyesimama tuli mbele yake.

"Si-sina," akajibu. "Nilitaka nione tu. Kwamba mtu akivutwa, hu-husimama." Kisha akafungua vidole vyake. "Endelea, mwanangu."

Mnadhimu akaendelea hadi kitini, na hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Thorley alitoka siku hiyo hiyo kwa Lango la Kaskazini, kwa miguu, bila joho, na alikofia hakuna ajuaye. Jina lake lilikwanguliwa juu ya mlango wa maktaba. Kilichobaki Aldminster ni mwendo tu: hadi leo Mnadhimu hutembea polepole mno barazani, na wanafunzi hucheka wakisema wakubwa wao wana ugonjwa wa miguu.