Aliyeitika Mwisho wa Mstari

Sauti ilitoka mwisho wa mstari, na Placide alijua kwamba huko hakukuwa na mtu, ila ukuta wa ofisi na jua.

Kiwanda cha kuchambua pamba cha Kasongo kilikuwa kimemwachisha kazi. Ofisi iliwapa posho waliokosa kazi, mradi wawe na bibi wa ndoa. Asiye na bibi alirudishwa Kabambare kulima pamba. Marcelline, mkewe, alikuwa kaburini, na matanga yake yalikuwa hayajaondolewa. Kwao, jina la maiti halitamkwi mpaka matanga yaondolewe. Lakini Louise, binti yao, alikuwa analala na njaa.

"Bibi yako iko?" aliuliza karani Zéphirin.

"Iko, bwana karani. Marcelline."

"Basi aitike mwenyewe, hapa hatulishi kivuli. Marcelline!"

Placide alifungua kinywa aseme yuko nyumbani na homa, lakini sauti ya mwanamke ikamtangulia kutoka mwisho wa mstari.

"Niko hapa."

Zéphirin hakuinua macho. Akaandika, akaamuru wapimiwe mchele wa watu watatu.

Jioni ile nyumba ilinuka udongo mbichi. Placide akafagia, akafukiza, harufu ikabaki.

"Baba," Louise alinong'ona, "nani anatafuna nyuma ya pazia?"

"Panya, mama. Kula."

"Panya hawezi kuniita kwa jina."

Mchele ulikuwa unapungua ndani ya gunia lililofungwa, na Louise naye alikuwa anapungua, mashavu yakibonyea, macho yakikua, na kila Placide alipompakulia chungu chote alisikia nyuma ya pazia meno yakisaga punje kavu, polepole, kama mtu asiye na haraka kwa kuwa amekaribishwa, mpaka akawa haogopi tena kutafuna kule bali kimya kinachofuata, kwa sababu katika kimya hicho mtoto alikuwa anageuza kichwa na kusikiliza.

Akamwendea mwalimu Heri, mwenye kusomea majini, akamweleza yote.

"Umemutaja maiti ndani ya matanga?" Heri aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilitaka mutoto ale, mwalimu."

"Aliyeitika si bibi yako, ndugu yangu. Bibi yako amelala. Huyu alikuwa anapita tu, ukamupa jina na sahani. Rudi pale pale, mbele ya watu, useme amekufa."

"Watanirudisha kwenye pamba."

"Wakurudishe."

Asubuhi akasimama mbele ya karani, Louise kamshika mkono.

"Bibi yangu alikufa, bwana karani. Nilidanganya."

"Ala! Juzi iko, leo amekufa? Bibi yako ni taa ya mafuta?" Mstari ukacheka. Zéphirin akachovya kalamu. "Hakuna posho. Kesho unapanda kamio, lori ya Kabambare. Wanaokwenda ni nani? Placide!"

"Niko."

Harufu ya udongo, iliyomfuata toka nyumbani, ilikuwa imekatika. Placide alivuta pumzi mpaka chini, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Mutoto, Louise!"

"Niko hapa."

Sauti ilitoka nyuma, mwisho wa mstari, kwenye ukuta na jua. Placide akatazama chini. Binti yake alikuwa amemkaza mkono, midomo imefumbwa.

Zéphirin hakuinua macho. Akaandika.