Honi ya Chakula

Ndugu zangu mnaoishi kando ya reli, na ninyi mnaoisikia kwa mbali tu, naomba mnipe nafasi. Mimi si msemaji. Hata chuoni nilikaa viti vya nyuma ili nisiulizwe swali. Lakini jambo hili lilitokea nyumbani kwetu, na nisipolisema mimi litasemwa na wengine kwa kutuonea huruma, nasi hatukustahili huruma hiyo.

Mtaa wetu ulikuwa ukitulia sana mchana unapoanza kupoa. Watoto wadogo walilala, nguo zilikauka kambani, na kutoka nyumba ya tatu ilisikika cherehani ya Mama Pindo ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Huyo alikuwa mshonaji wetu. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu hakumwacha mtoto apite na pindo la sketi limefumuka. Angemwita, angemshonea akiwa amesimama pale pale, kisha angemfukuza kwa kofi la mzaha. Alikuwa mjane, akiishi na mama yake mzazi, kikongwe mwenye ugonjwa wa moyo.

Saa kumi kasoro robo honi ililia. Fupi, fupi, kisha moja ndefu iliyoanzia kwenye kona ya mbali, karibu na ghala la saruji, isikatike mpaka treni ivuke kivuko chetu. Vikombe vilitetemeka kabatini. Watoto waliamka wakilia. Yule kikongwe alishika kifua na kuomba maji. Ilikuwa hivyo leo, kesho na keshokutwa.

Aliyeipiga alikuwa baba yangu.

Baba aliendesha treni ya mizigo. Kanuni ya kazi ilimtaka apige honi fupi anapokaribia kivuko, basi. Ile ndefu ilikuwa yake mwenyewe. Ilimwambia mama: nakaribia stesheni, baada ya nusu saa nitakuwa nyumbani, weka chakula. Mama aliisikia, akatabasamu, akainuka kubandika sufuria. Sisi tuliiita honi ya chakula, na tulijivunia. Siku niliyoondoka kwenda chuo aliipiga ndefu kuliko siku zote, nami nikalia kwa furaha.

Madereva wenzake walipojua, wakaiga. Kila aliyepita aliona si adabu kumpita shemeji bila kumsalimu. Mtaa mzima ukawa unapokea salamu za mama yangu kutwa, utake usitake.

Siku moja Mama Pindo alikuja kwetu. Hakukaa.

"Shoga, nimekuja kwa wema tu. Mwambie baba watoto apunguze ile honi. Mama yangu anashtuka, na moyo wake unaujua."

Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso. "Treni bila honi itakuwa nini? Toroli?"

"Sijasema asipige. Apige ile ya kazi. Hii ya mahaba mnaweza kupigiana simu."

"Sema tu una wivu, jirani. Wewe wako angekuwepo, angekupigia hata filimbi?"

Nilicheka. Ndugu msomaji, ningeweza kuliruka neno hilo na usingejua. Lakini nilicheka, na Mama Pindo alinisikia. Alitikisa kichwa kidogo, akaaga vizuri, akaondoka.

Baada ya wiki mbili aliniita kwake. Nilidhani ananiita kunilaumu, kumbe alikuwa amepangusa meza ya kukatia vitambaa na kuweka karatasi mbili safi na kalamu.

"Binti, wewe umesoma. Niandikie barua kwa wakubwa wa reli. Usimtaje baba yako, sitaki apoteze kazi. Sema tu kwamba honi zimezidi, na watu wameacha kuzijali. Sema pia watuwekee geti na mlinzi pale kivukoni, ili honi iwe fupi na watu wawe salama."

Niliandika. Alitaka nimsomee mara mbili, akasahihisha mahali nilipoandika "kero" akataka niandike "tunaomba". Akatia sahihi polepole, akanipa maji ya baridi, akaniambia, "Nakuamini wewe kuipeleka, maana mimi pale ofisini sijui hata mlango wa kuingilia."

Sikuipeleka. Niliogopa. Hata bila jina, wakubwa wangeuliza ni nani anayepiga honi ndefu saa kumi kasoro robo, na jibu lingekuwa moja. Barua ilikaa chini ya godoro langu siku nne, kisha nikaichoma jikoni wakati mama amekwenda sokoni. Sikumwambia mtu.

Kila nilipopita kwake aliuliza, "Wamejibu?"

"Bado, mama."

"Basi tuwape muda. Wakubwa wana mengi."

Miezi mitatu alikuwa akiwatetea watu ambao hawakuwahi kuiona barua yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Honi ya hatari na honi ya chakula zilitoka kwenye tundu moja, kwa sauti ile ile. Na kwa kuwa baba alianza kuipiga tangu kwenye kona ya ghala, sauti haikukuambia tena treni iko wapi. Watu waliendelea kutembea juu ya reli wakiisikia, kwa sababu walijua bado wana dakika mbili tatu. Watoto walifanya mchezo. Hata mimi nilivuka hivyo mara nyingi.

Siku ile Mama Pindo alikuwa anapeleka sare za shule. Alipofika katikati ya kivuko, kamba ya furushi ilikatika, sare zikamwagika kwenye mataruma ya reli. Aliinama kuziokota. Alikuwa anazikunja moja moja, maana alikuwa amezipiga pasi.

Honi ikalia. Muuza maji wa pale kivukoni alimpigia kelele, "Mama, treni hiyo."

Naye akamjibu bila haraka, "Huyo anaagiza chakula. Bado yuko ghalani."

Hakuwa ghalani. Siku hiyo baba alichelewa kuanza honi, kwa sababu kwenye kona alikuwa anaongea na msaidizi wake. Alipogeuka mbele alimwona mtu, akavuta breki, akapiga honi kwa nguvu zote alizonazo.

Alitusimulia mara moja tu, akiwa amekaa sakafuni na viatu vyake vya kazi. "Alinitazama," alisema. "Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Aliinua uso akanitazama, jua likimpiga machoni, kisha akarudi kukunja nguo."

Mwishoni Mama Pindo aliruka. Uhai wake ulipona. Mguu wa kushoto haukupona. Hospitali waliukata chini ya goti.

Wakuu wa reli walifanya kikao cha uchunguzi katika darasa la shule ya mtaani. Ofisa alisoma kwenye faili. Honi ilipigwa. Mashahidi sita waliisikia. Dereva alifuata kanuni. Kwa hiyo aliyevuka ndiye mwenye kosa, na shirika halitagharamia matibabu yake.

Mama alinishika mkono chini ya dawati, akaubana. Alikuwa anashukuru.

Yule kikongwe alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamepanda juu. Alimuuliza ofisa kwa sauti ndogo, "Samahani, baba. Mwanangu si kiziwi. Kama alisikia, kwa nini hakutoka?"

Ofisa alisema hilo hawezi kulijua. Kila mtu mle ndani alikuwa anajua. Majirani walitazama ubao. Baba alitazama kofia yake.

Nilisimama. Mama alinivuta gauni, nikabaki nimesimama. Sikuweza kumtazama mtu yeyote, lakini nilisema kwamba kwetu honi ilikuwa ya chakula. Nilisema kwamba Mama Pindo aliomba mapema, kwa mdomo na kwa maandishi, na kwamba barua yake niliichoma mimi.

"Huyu mtoto amechanganyikiwa kwa mshtuko," mama akasema. "Msimsikilize."

Ofisa alimgeukia baba. "Dereva, ni kweli?"

Baba akaweka kofia mezani.

"Ni kweli," alisema. "Ya siku ile ilikuwa ya hatari. Lakini za miaka sita zote zilikuwa za chakula. Angejuaje?"

Baba aliondolewa kwenye injini, akapelekwa karakana kuosha vipuri. Shirika lilibeba gharama za matibabu. Kivukoni likawekwa geti na mlinzi mwenye bendera, na madereva wakaamriwa honi moja fupi mahali palipowekwa alama, si zaidi. Ilikuwa vile vile alivyoomba Mama Pindo katika barua. Mtaa sasa umetulia. Watoto wanalala mchana. Mama hatoki nje mpaka jioni, na akitoka hupita njia ya nyuma.

Nilikwenda kumwona Mama Pindo alipotoka hospitali. Nilipiga magoti mlangoni nikaanza kuomba msamaha.

"Inuka, unaziba hewa," alisema. Akakunja shuka lililomfunika, akalikunjua tena. "Baba yako alikuja jana. Kwake hasira yangu imekwisha. Yeye alikuwa mbali, kwenye injini, hakunisikia. Wewe ulikaa hapa hapa. Ukanywa maji yangu. Ukaniambia bado."

"Ndiyo, mama."

"Sitakufukuza. Njoo kila unapotaka, kazi za humu ndani ni nyingi. Ila usiende kuwaambia watu kwamba nimekusamehe. Siku nikikusamehe nitakwambia mwenyewe."

Huu ni mwaka wa pili. Naenda kila Jumamosi, nafagia, nafua, tunaongea hata kucheka. Hajaniambia.

MAFUNZO

Honi ni ya kuonya, nayo ni mali ya kila mwenye masikio. Anayeitumia kwa furaha yake au majivuno yake huwaondolea wenzake onyo bila wao kujua, naye siku ya hatari hubaki mikono mitupu. Hali ni hiyo hiyo kwa king'ora, spika za dukani na kila sauti tunayowatwika majirani. Anayekuja mlangoni kwako kuomba utulivu hajaja kukuonea wivu. Msikilize akiwa bado anaomba kwa wema. Mitaa ya kando ya reli idai geti na mlinzi, ili honi ipungue na maisha yalindwe. Na wewe uliyepewa barua ya jirani mkononi, hata kama itamgusa baba yako, ipeleke leo.