Njia ya Machimboni

Watu wakiwa bado wanatoka msikitini alfajiri, Barakat alikuwa ameshavua kanzu na kuvaa kaptura. Alimwachia mamake kanzu mlangoni, akapiga mafunda mawili ya maji, akashika barabara ya Kisauni kwa mbio za polepole mpaka Kongowea, ambako wenzake wa Chama cha Mbio walikuwa wakimngoja. Alikuwa na miaka kumi na minne. Kwa mwaka mzima hakuna kijana wa chama aliyemtangulia, wala katika maili tatu wala katika maili sita. Wenye maduka waliokuwa wakifungua milango walimwona akipita, wakaambiana, "Mtoto wa Bwana Aqil huyo." Bwana Aqil alikuwa na duka la nguo pale Kisauni, na kabla yake lilikuwa la babake. Jina lao lilijulikana mpaka ng'ambo ya daraja.

Mwalimu wa chama alikuwa Bwana Absalom, mzaliwa wa Frere Town, mtu mrefu mwenye maneno machache. Kila asubuhi alisimama na saa yake mkononi, na kijana akichelewa hata dakika mbili, alimrudisha nyumbani bila kumgombeza.

Mwezi wa tano, mwaka wa 1962, alikuja Phineas. Babake alikuwa mchukuzi bandarini Kilindini, naye na mamake, Nafula, walikuwa wametoka bara kumfuata, wakapanga chumba kimoja nyuma ya soko la Kongowea. Siku yake ya kwanza Phineas alikimbia miguu mitupu, akamaliza mbele ya Barakat kwa hatua ishirini. Kisha akageuka akitweta na kumpa mkono. Barakat aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu mpaka mkono ule ukashuka wenyewe.

Tangu hapo vijana hawakumpa Phineas nafasi ya kupumua. Kinara wao alikuwa Hadi, rafiki mkubwa wa Barakat. Walimwaga maji yake ya kunywa. Walimtilia upupu kwenye fulana, akakimbia maili nne akijikuna mpaka shingo ikatoka damu. Walimwigiza alivyosema "papa" badala ya "baba", wakaangushana chini kwa vicheko. Barakat hakumwaga maji wala hakutia upupu. Alicheka tu pamoja na wenzake, na kwa kuwa alicheka tu, alijiona hana kosa.

Mwezi wa nane Bwana Absalom aliwakusanya. "Jumapili ya mwisho wa mwezi tutakimbia kutoka Kiembeni mpaka uwanja wa Frere Town," alisema. "Maili sita. Atakayeshinda atakwenda Nairobi mwezi wa kumi na mbili kukimbia na vijana wa nchi nzima. Ni mmoja tu."

Vijana wote walimtazama Barakat. Halafu, mmoja mmoja, macho yao yakahamia kwa Phineas.

Jumapili hiyo lori liliwapeleka Kiembeni kabla jua halijachomoza. Mbio zilipoanza, Barakat na Phineas waliwaacha wengine nyuma mapema sana. Walikimbia bega kwa bega, bila neno, huku umande ukilowesha miguu yao. Baada ya maili tatu Phineas alianza kuchomoka. Alikwenda kwa wepesi, kama mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza, na Barakat, ambaye kifua kilikuwa kimeanza kumchoma, alijua kwamba hatamfikia tena.

Mbele kulikuwa na njia panda. Kulia ndiyo barabara ya Kisauni. Kushoto kulikuwa na njia ya malori, iliyopita katikati ya machimbo ya mawe ya kujengea, ikapindapinda kati ya mashimo na kutokea tena barabarani mbele zaidi. Msimamizi aliyepangiwa kusimama pale hakuwapo. Baiskeli yake ilikuwa imepata pancha njiani, naye alikuwa akiikokota.

Phineas alipunguza mbio, akageuza kichwa. "Barakat, ni wapi?"

Barakat alikuwa nyuma yake kwa hatua thelathini hivi. Angeweza kunyamaza. "Kushoto," akasema.

Phineas alimpungia mkono wa shukrani, akapinda kushoto. Barakat akapinda kulia.

Alishinda. Watu walimbeba juujuu uwanjani, na Hadi, aliyefika wa tatu, alipiga mbinja mpaka midomo ikamkauka. Bwana Absalom peke yake ndiye ambaye hakupiga makofi. Aliitazama saa yake, akaitazama barabara.

"Phineas yuko wapi?" aliuliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Mliondoka pamoja."

"Alinipita kule juu. Sikumwona tena."

Bwana Absalom aliwatuma watu wawili kwa baiskeli waifuate barabara kuu mpaka Kiembeni, wakitazama mitaroni. Walikwenda, wakarudi mikono mitupu. Barakat aliwaona wakirudi. Ilikuwa rahisi kusema, "Tazameni machimboni." Badala yake akajisemea kwamba Phineas atakuwa amepotea kidogo tu, kwamba atatokea sasa hivi, na kwamba akitokea, mambo yatakuwa yamekwisha. Akaenda nyumbani. Mamake alikuwa amempikia pilau ya ushindi. Alikula sahani mbili.

Kumbe Phineas alikuwa amelala chini ya shimo. Majani yalikuwa yameota mpaka ukingoni, naye, akikimbia kwa nguvu zake zote, hakuona ardhi inapoishia. Aliangukia mawe, na mfupa wa ugoko wake wa kulia ukavunjika mara mbili. Jumapili hakuna mtu machimboni. Alipiga kelele mpaka jua likasimama utosini, kisha hakuweza tena kupiga kelele. Ilipofika alasiri, mama mmoja aitwaye Jumwa, aliyekuwa akitafuta kuni, alisikia kitu kama mtoto analia. Aliita watu, wakamtoa kwa kamba.

Hospitalini walimfunga plasta, wakamwambia mamake kwamba mguu ulikuwa umekaa muda mrefu mno ukiwa umepinda na kuvimba. Utapona, walisema, lakini utakuwa mfupi.

Phineas alieleza yaliyotokea. Alisema ameuliza njia na kwamba Barakat amemjibu kushoto. Kamati ya chama ilimwita Barakat, akakana. Wazee wa kamati hawakuchukua muda mrefu. Njia ya machimboni inatokea tena barabarani, walisema. Kijana huyu alitaka kukata njia akaangukia shimoni, na sasa anamsingizia mwenzake. Mmoja akaongeza kwamba watu wa bara ndivyo walivyo. Bwana Absalom alisema kijana mgeni asingeweza kuijua njia hiyo, lakini alikuwa peke yake. Phineas akafutwa chamani.

Siku ya tatu yake, Nafula alikuja dukani kwa Bwana Aqil. Barakat alikuwa nyuma ya kaunta akikunja vitambaa. Nafula alikuwa mama mwembamba, na kilemba chake kilikuwa kimefungwa kwa haraka.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba. Karibu, mama."

"Sikuja kununua. Mimi ni mama Phineas. Sitaki malipo, mzee, wala sitaki kesi. Mguu umeshaharibika. Lakini mtoto wangu anaitwa mwongo, na hakuna kinachomliza usiku kama hicho. Naomba kijana wako aseme kweli, basi."

Bwana Aqil aligeuka. "Barakat."

"Naam, Baba."

"Ulimwonyesha yule kijana njia ya machimboni?"

Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Barakat aliwatazama, akamtazama babake, ambaye tangu siku ya mbio alikuwa akimwambia kila mteja kwamba mwanawe anakwenda Nairobi.

"Wallahi, Baba, sikumwambia kitu."

Bwana Aqil alipumua. "Umesikia, mama. Mwanangu ameapa. Katika nyumba yetu hatuapi uwongo. Nakupa pole kwa mguu wa mtoto, lakini usije tena kutuchafulia jina mbele ya watu. Nenda kwa amani."

Nafula alimtazama Barakat kwa muda, bila hasira, kama mtu anayetaka kuhakikisha sura asiisahau. Kisha akatoka.

Tangu siku ile Barakat hakuweza kusali vizuri. Alifuatiza maneno, lakini akifika mahali pa kutaja jina la Mungu, alijiona dukani, mdomo wazi. Alikuwa akikimbia vibaya pia. Hakumwambia mtu.

Wiki nane zikapita. Asubuhi moja vijana wakiwa wanajinyoosha pale Kongowea, Phineas akatokea. Plasta ilikuwa imetolewa. Alitembea kwa kuegemea mkongojo mmoja, na mguu wa kulia uligusa ardhi kwa vidole tu. Kwapani alikuwa na fulana ya chama, imefuliwa na kukunjwa. Kamati ilikuwa imemwandikia airudishe. Bwana Absalom hakuwa amefika bado.

"Bingwa wa kukata njia," Hadi alisema. Akaanza kuchechemea kumzunguka. Vijana wengine wakajipanga nyuma yake, wakichechemea pia, wakicheka.

"Nimeleta fulana," alisema Phineas.

"Ilete hapa, basi. Lakini bila mkongojo. Wewe si mkimbiaji?" Hadi aliunyakua mkongojo, akamrushia Barakat. "Shika, bingwa."

Barakat akaudaka. Aliudaka kwa mazoea tu, kama unavyodaka mpira, na ulipokuwa mkononi mwake aliona kwamba mahali pa kushika palizungushiwa kipande cha kanga ili pasimwumize mwenyewe. Phineas alisimama kwa mguu mmoja akiyumba. Akaruka mara moja, akaruka mara ya pili, akaanguka kifudifudi kwenye mchanga. Fulana ikafunguka. Vijana wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Phineas aliinua uso wenye mchanga. Hakumtazama Hadi. Alimtazama Barakat, na mkongojo wake ulio mkononi mwa Barakat.

Barakat alikwenda akapiga magoti, akaweka mkongojo chini kando ya Phineas. Bwana Absalom alikuwa amefika, amesimama nyuma yao na saa yake.

"Mwalimu," alisema Barakat bila kunyanyuka, "ni mimi. Aliniuliza njia, nikamwambia kushoto. Nilijua kushoto kuna nini. Na mlipokuwa mkimtafuta, nilijua aliko."

Vicheko vilikatika. Hadi alisema, "Acha utani, Barakat."

Phineas alijiinua mwenyewe, akauegemea mkongojo. Barakat alimpa mkono. Phineas aliutazama mkono ule, hakuushika.

"Nilikuuliza wewe," alisema, "kwa sababu kati yao wote, wewe hukuwahi kunimwagia maji. Nilidhani wewe ni mtu." Akaondoka polepole kuelekea sokoni.

Bwana Absalom alimshika Barakat begani, akaongozana naye mpaka dukani. Hakumsemea. Barakat alisema mwenyewe, mbele ya babake na mbele ya wateja. Bwana Aqil alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alifunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa tatu asubuhi, akavaa kofia yake, akasema, "Twende."

Nafula alikuwa akifua nje ya chumba chao. Bwana Aqil alisimama mbele yake katikati ya kamba za nguo, majirani wakitazama.

"Mama Phineas," alisema, "ulikuja kwangu na kweli, nikakufukuza mbele ya watu. Nimekuja nikuombe radhi mbele ya watu. Mwanangu aliapa uwongo, nami nikaushikilia."

Nafula alikamua nguo iliyokuwa mkononi, akaitundika. "Nimesikia, mzee," alisema. "Mwanangu atafurahi kwamba jina lake limesafika. Lakini mimi kusamehe bado siwezi. Labda baadaye." Akainamia beseni lake.

Jumamosi iliyofuata kamati iliwakusanya wanachama wote. Uamuzi wa kwanza ukafutwa, na mwenyekiti akamtaka radhi Phineas mbele ya mamake na babake. Ushindi wa Barakat ukatenguliwa, naye akafungiwa mwaka mzima. Hadi na wenzake wakafungiwa miezi sita. Nairobi hakwenda mtu; kijana aliyefika wa pili alisema hataki safari iliyopatikana hivyo. Phineas alirudishiwa fulana yake. Aliichukua, lakini hakukimbia tena maisha yake yote.

Jioni hiyo, wakirudi nyumbani kwa miguu, Barakat aliuliza, "Baba, nimesema kweli. Mbona bado naumwa?"

Bwana Aqil alipunguza mwendo.

"Kwa sababu umeisema imechelewa," alisema. "Ungeisema pale uwanjani, kijana asingekaa shimoni mpaka alasiri, na huenda leo angekuwa anakimbia. Ungeisema mbele ya kamati, asingefukuzwa. Ungeisema dukani, nisingemtukana mama wa watu. Kila ulipoinyima nafasi, kuna mtu aliyeumia. Na mimi sijitoi. Niliangalia jina letu, sikuangalia uso wako; ningeuangalia, ningejua. Kweli tuliyoisema leo haitaunga mfupa wa mtoto yule, Barakat. Imezuia tu tusiendelee kumvunja. Siku nyingine ukijikuta umekosa, na utakosa, maana wewe ni binadamu, sema kweli hapo hapo, kungali na kitu cha kuokoa."

"Naam, Baba," alisema Barakat.

Wakaendelea kutembea, na watu waliokuwa vibarazani, waliozoea kulitaja jina la babake kila akipita, safari hii walinyamaza.