Jumamosi Hakuna Anayejibu

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Guy alimkuta mama yake, Suzanne, amekufa kitandani. Mwili ulikuwa umeshapoa. Chini ya mto palikuwa na kopo la dawa za presha, tupu.

Saa moja na dakika kumi na tano, simu ya Suzanne ilijibu swali la kila siku kutoka ofisi ya mradi wa afya mjini Likasi. Jibu lilikuwa 1, yaani dawa ninazo; 2 ingekuwa sina.

Jumatano Guy alikuwa mahabusu. Kamanda hakuona fumbo lolote: simu imesema miezi minne kwamba dawa zipo, kopo ni tupu, basi mtoto ameziuza. Faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Inspekta Émérence aliomba apewe muda hadi saa hiyo achunguze. Alivuta kiti karibu na Guy.

"Minye sikujibu, mama inspecteur. Telefone haikukuwa na minye."

"Ilikuwa wapi?"

"Ku posti ya afya. Kwetu courant hakuna, kule iko panneau ya soleil. Orpha anashargia batu bote. Vendredi saa tisa anaturudishia, samedi mangaribi tunamupelekea tena."

"Kwa hiyo inakaa kwenu tangu Ijumaa saa tisa hadi Jumamosi magharibi tu. Mama yako alikuwa anajibu mwenyewe?"

Guy alicheka bila furaha. "Maswali iko mu Français, mama. Yeye alijua kusoma jina yake tu."

Siku hiyohiyo Émérence alikwenda posti, njia ya Kakontwe. Orpha, mkunga, alikuwa anafuta kitanda cha uzazi. Simu ishirini na nne zilipangwa ubaoni zikichajiwa kwa umeme wa jua, kila moja na jina kwenye plasta.

"Anaingia nani humu?"

"Minye, na Jean-Claude wa ofisi akikuya kuangaria panneau. Kama iko karatasi ya kusaini, nisaini leo. Samedi niko kanisa, ni Sabato."

Alhamisi, ofisini kwake, Jean-Claude alimchapia Émérence majibu yote ya simu hizo. Alikuwa amesifiwa na wakubwa wake kwa takwimu hizo, na Émérence alimtilia shaka kwa saa nzima. Kila siku majibu yalianza saa moja kamili asubuhi, yakafuatana dakika kwa dakika hadi simu ya mwisho. Yote yalikuwa 1. Jumamosi zote zilikuwa tupu.

"Réseau," Jean-Claude alisema. "Samedi inapotea kule."

"Weye unatumika kazi samedi?"

"Kila samedi, mpaka midi. Wakubwa hawana huruma."

Émérence akaomba orodha ya simu alizopiga Guy. Jumamosi iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, alikuwa amezungumza na mjomba wake wa Kapolowe dakika sita, kwa simu ileile ya mama yake. Mtandao ulikuwepo.

Ijumaa saa nane alirudi posti. Wagonjwa walishakaa kwenye benchi nje, wakingoja simu zao.

"Siku moja tu simu ziko mikononi mwa wenyewe," alimwambia Orpha taratibu, "na siku hiyo hakuna hata moja inayojibu."

"Muulize Jean-Claude."

"Yeye angejaza majibu kwa mashine ya ofisi, hata ya samedi, maana anatumika kazi siku hiyo. Ni weye tu, mama Orpha, unaweza kudanganya, kusema bongo siku sita, ya saba unapumuzika."

Orpha aliketi kwenye kitanda. Juu yake taa ilikuwa inawaka.

"Ofisi ilisema majibu ya 1 ikishuka, panneau inaenda quartier ingine. Mbele yake, wakati panneau haikukuwa, nilikuwa nazalisha na torshi mu meno. Batoto babili balinifia mu giza."

"Na anayejibu 1 hapewi dawa mpya."

"Sikujua," alisema. "Mwezi ya pili nilijua. Suzanne alikuya kuuliza. Nikamwambia, ngoya, itakuya."

Émérence alitazama saa: nane na nusu. Alituma ujumbe kwa kamanda amwachie Guy. Kisha alibeba simu zote hadi nje, akasimama mbele ya benchi na kuwauliza kwa lugha yao swali la ofisi.

"Dawa iko?"

Kumi na tisa walisema hapana.

Akafungua simu za hao, moja baada ya nyingine, akasoma jina kwenye plasta, akabonyeza 2. Ndani, Orpha alikuwa ameinua macho, anaiangalia taa.