Mchi wa Bi Zaituni

Haya rafiki yangu Mounira wa mtaa wa Kamalondo alinisimulia tulipokuwa tukimlilia mama yake, Mungu amrehemu.

Mama huyo, Bi Zaituni, alikuwa mpole maisha yake yote. Uzeeni akaanza kupiga watu, na majirani wakanong'ona kwamba ni mulozi, yaani mchawi. Muuguzi aliyemhudumia akamwambia Mounira, "Usibishane naye. Muulize anaona nini."

Jioni moja umeme ulikatika Mounira akiwa amekwenda kununua makala, mkaa wa kupikia. Aliporudi alisikia sombe, majani ya muhogo, ikitwangwa jikoni, akafurahi kwamba mama amepata nguvu. Akasukuma mlango wa mbele wa nyumba. Mchi ukamshukia gizani, ukamvunja mkono. Ukarudi tena, ukampasua paji la uso.

"Mama, ni miye! Mounira!"

"Muongo! Mounira iko mu jiko, anatwanga sombe. Weye, nani alikutuma?"

Damu ikimwingia machoni, Mounira alikumbuka maneno ya muuguzi. Akaushika ule mchi, mchi pekee wa nyumba ile, kwa mkono uliobaki mzima, mpaka mama akatulia.

"Basi, mama. Tumusikilize."

Wakasikiliza. Kule jikoni sombe iliendelea kutwangwa kinuni, puu, puu, bila haraka.