Kilichoumia ni Kifundo Tu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Fundi alimbeba mama yake. Alikunja magoti. Alipitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya mapaja. Kisha alimwinua kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani. Mama alikuwa amepooza miguu, lakini macho na ulimi vilikuwa vizima kabisa.

"Taratibu, we! Mimi si mfuko wa saruji."

"Mfuko wa saruji haupigi kelele, mama."

Mama alishinda dirishani, akisalimiana na wapita njia. Alijua nani amenunua viatu vipya na nani amenuniana na mumewe. Fundi alikwenda kupiga plasta nyumba za watu.

Siku moja kazini, Fundi aliona uvivu kushuka kwa ngazi. Aliruka kutoka kwenye jukwaa, akatua juu ya kipande cha tofali. Kifundo cha mguu wa kulia kikapinda. Hospitalini alipigwa picha.

"Mfupa ni mzima," daktari alisema. "Umeteguka tu. Funga bendeji, weka mguu juu ya mto, pumzika siku chache. Wiki ijayo urudi nikuone."

Mke wa Fundi alisikia neno moja tu: pumzika. Baba yake aliwahi kukanyaga msumari, akaendelea kwenda kazini, mwisho akakatwa mguu. Mke huyu alichukua viatu vya mumewe, akavifungia sandukuni. Ufunguo akauvaa shingoni.

"Wiki imeisha. Daktari alisema nirudi," Fundi alimkumbusha.

"Utarudi kwa miguu ipi? Lala!"

Chakula kilimfuata kitandani. Maji ya kuoga yalimfuata kitandani. Fundi alilala siku ishirini na moja.

Chumba cha pili, mama naye alilala. Mke wa Fundi na mpangaji mwenzao walijaribu kumbeba mara moja. Walimvuta bega, akalia kwa maumivu, akakataa kubebwa tena. "Nitamngoja mwanangu," alisema. Akabaki anatazama dari. Wapita njia walimwita dirishani, "Bibi, upo?" Wiki ya kwanza aliwajibu kwa sauti. Wiki ya pili aliwajibu kwa kunong'ona. Wiki ya tatu hakuwajibu.

Siku ya ishirini na mbili, uvimbe ulikuwa umekwisha. Fundi aliingia chumbani kwa mama.

"Leo twende dirishani."

Uso wa mama ulichangamka. Fundi alikunja magoti, akainua. Mikono ikatetemeka. Mapaja yakalegea. Mama aliinuka kidogo tu, kisha wote wawili wakaangukia kitanda kwa kishindo. Hakuna aliyeumia. Lakini mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Basi, baba. Niache tu hapa."

Fundi alikaa sakafuni, akalia kama aliyefiwa.

Kishindo kile kilimleta jirani yao. Alikuwa mwanamke wa makamo, kazi yake kuwafanyisha wagonjwa mazoezi hospitalini. Mtaa mzima ulimwita Kocha. Alimwangalia mama kwanza, kisha akakizungusha kifundo cha Fundi polepole. Halafu akayaminya mapaja yake.

"Kilichoumia nini?"

"Kifundo."

"Na mapaja? Na mikono? Na mgongo?"

"Hivyo havikuumia."

"Sasa mbona umevilaza vyote?"

Mke wa Fundi alipandwa na hasira. "Ulitaka akatwe mguu kama baba yangu na msumari wake?"

"Pole, mdogo wangu," Kocha alisema. "Baba alikuwa na kidonda cha msumari. Hicho ni cha kukimbiza hospitali siku hiyohiyo. Mumeo ameteguka. Siku mbili tatu za mwanzo kweli apumzike. Baada ya hapo tunapumzisha kifundo, hatupumzishi mtu. Misuli usipoitumia, inakwisha upesi."

Mke aliushika ufunguo shingoni. Aliuvua, akaenda kufungua sanduku.

Kesho yake walirudi kwa daktari. Daktari aliruhusu mazoezi, na Kocha akaanza kazi. Alimkalisha Fundi kitini na kumpa chupa mbili za lita moja, zimejaa maji.

"Inua hadi begani. Kumi."

"Chupa za maji? Mimi mbeba zege?"

"Mbeba zege, inua tuone."

Ya nane ilimshinda. Kocha hakumcheka.

Akiwa kitini, Fundi alinyoosha goti moja, akahesabu hadi tano, akalishusha, kisha la pili. Akiwa amelala chali, aliinua mguu mzima ukiwa umenyooka. Kifundo nacho alikizungusha, na vidole akavivuta kwa taulo. Wiki ya pili alisimama ameshika ukuta, akainuka kwa vidole vya miguu polepole.

"Ukisikia maumivu makali, acha," Kocha alimwonya. "Mguu ukivimba upya au ukifa ganzi, rudi hospitali. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, nenda saa hiyohiyo. Usiningoje mimi."

Kocha alimfundisha pia mke wa Fundi kumgeuza mama ubavu kila baada ya saa mbili, maana ngozi ya mgongo ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Kubebwa bado alikataa, akimngoja mwanawe.

"Hesabu kwa sauti!" mama aliita kutoka chumba cha pili. "Nisikie kama unaniibia!"

Fundi akahesabu kwa sauti. Kila siku hesabu yake ilikuwa ndefu zaidi. Kila siku sauti ya mama ilikuwa ndogo zaidi.

Wiki ya nne, Kocha alimpima kwa ndoo ya maji: Fundi aliiinua akiiweka karibu na mwili, magoti yamekunjwa. Kifundo hakikuuma. "Sasa kambebe," alisema.

Fundi alimbeba mama. Alikuwa mwepesi kupita alivyomzoea, na wepesi ule ulimuuma Fundi moyoni. Alimkalisha dirishani.

"Kumbe wamepaka rangi nyumba ya mbele," mama alisema. "Na hakuna aliyeniambia!"

Alikaa dirishani asubuhi kumi na moja. Ya kumi na mbili, Fundi alipoinama kumbeba, mwili ulikuwa wa baridi.

Baada ya mazishi, mke wa Fundi alisema, "Zile siku ishirini na moja ni mimi niliyemnyima."

"Mimi pia," Fundi alijibu. "Nilikuwa na mdomo. Sikuuliza."

Alirudi kazini, mguu ukiwa na nguvu. Siku hizi anashuka kwa ngazi. Lakini kila asubuhi bado anainua chupa zake na kuhesabu kwa sauti.

Mkewe alimtazama siku moja, macho yamelowa.

"Unajiandaa kumbeba nani sasa?"

Fundi hakuziweka chupa chini.

"Wewe," alisema. "Kwani hutazeeka?"