Nadhiri ya Chini ya Gari

Kwanza lilikuwa boksi kavu.

Mahmood alikuwa na desturi ya kutandika boksi la karatasi chini ya injini kila jioni, ili asubuhi asome madoa na kujua oili inavujia wapi. Gari la umri ule lazima livuje. Lakini boksi lake liliamka kavu, na alipochomoa kijiti cha kupimia akakuta oili imeshuka. Akaongeza. Kesho yake boksi kavu tena, oili imeshuka tena, na chini ya boneti mlinukia asumini mbichi, ile ya kusukia vikuba vya wanawake, mahali ambapo hapana haja ya kunukia kitu ila grisi.

Alijiambia labda ni Sumeiya, mkewe, aliyepita pale na kikuba chake. Alijua vizuri kuwa Sumeiya hajakanyaga lile banda la nyuma ya nyumba tangu gari lilipoletwa, na kwamba aliapa hatalikanyaga mpaka litoke. Basi, mtu akishapenda chuma, huwezi kumwambia kitu.

Na Mahmood alipenda. Kwao mtaa wa Barani, pale Malindi, ni watu wa minazi na nyumba za kupangisha, kwa hiyo kazi hasa hakuwa nayo. Alikuwa na magari. Alinunua makweche ya kizamani, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, akayavua mpaka yabaki mifupa, akayavisha upya: akayainua juu, akayatia matairi mapana na bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi paani. Hili la sasa, Landrova ya enzi za babu yake, alilitoa porini Vitengeni, mikorosho imeota ndani na kutokea madirishani. Mwenyewe alikuwa amekufa, na watoto wake walimwachia upesi mno, hata chai hawakumkaribisha. Mtu mwingine angejiuliza. Yeye alikuwa ameona injini: ile ile ya asili, iliyotoka nayo kiwandani. Alikuwa ameitafuta injini kama ile tangu ujana wake.

Tatizo injini haikutaka kuwaka.

Ikafika Ijumaa moja, jua la utosi. Adhana ilikwisha kusomwa na wanaume wa mtaa walikwisha kwenda msikitini na kanzu zao. Mahmood alikuwa chali chini ya gari, grisi hadi masikioni, akijidanganya kwamba ataswali nyumbani. Hesbon, rafiki yake wa Kakuyuni, mchomeleaji na mgonjwa mwenzake wa makweche, alikuwa amekwenda kula. Kila kitu kilikuwa kimefungwa inavyotakiwa, na bado injini haikukohoa hata mara moja. Mahmood akachoka, na katika kuchoka akafungua mdomo wake.

"Zinduka tu," akaliambia gari. "Zinduka, na chochote kilicho changu nakitoa."

Sasa, mtoto wa pwani hufunzwa nadhiri mapema. Ukiitia, mtaje Mwenyezi Mungu, useme wazi ni kwa ajili yake, kwa sababu nadhiri isiyotajiwa mpokeaji aweza kuipokea yeyote aliye karibu. Bi Nana, mamake Mahmood, alimfunza hayo kabla hajajua kuvaa viatu mwenyewe. Siku ile alimsahau Mungu mara mbili katika saa moja.

"Nimepokea," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya adabu, ya mtu anayepokea kikombe cha kahawa. Ilitoka karibu na sikio lake la kushoto, na pumzi yake ilinuka asumini. Mahmood akageuza kichwa. Upande ule palikuwa na gurudumu na ukuta, na katikati yake nafasi isiyotosha paka.

Akatoka kule chini kwa visigino na viwiko. Hesbon aliporudi alimkuta amekaa juani, akamuuliza ana nini, akasema ni joto.

Kesho yake alasiri honi ikalia. Waya zake zilikuwa bado zimeviringishwa sakafuni na betri iko mezani. Ililia mlio mmoja mrefu, safi, kisha ikanyamaza. Mahmood alicheka peke yake mle bandani, kicheko cha mtu asiyejua acheke au akimbie. Kisha akasikia Sumeiya anaita.

Raiya, binti yao wa pekee, mtoto wa darasa la pili mwenye maneno mengi kushinda redio, alikuwa barazani akimsomea bibi yake sura ya Kurani aliyofunzwa chuoni. Katikati ya aya sauti ilimkatika. Mdomo ulikuwa ukienda, koo linacheza, macho yamemtoka, na hapakutoka kitu. Walimpeleka hospitali. Daktari akammulika, akasema koo la mtoto halina kasoro hata chembe.

Siku chache baadaye, mchana kweupe, taa za mbele zikawaka. Bi Nana alikuwa jikoni anachagua mchele. Akauliza kwa upole ni nani aliyefunga dirisha, mbona pamekuwa giza. Dirisha lilikuwa wazi, na jua lilikuwa limemwangukia mapajani.

Hapo Mahmood alielewa. Nasema wazi, asije akatetewa: alielewa pale pale, na bado alisimama akazitazama zile taa kwa muda, akaona zilivyo nzuri.

Bi Nana alimwita, akamkalisha chini, akampapasa uso kwa vidole. "Mahmudi," akasema, "nyumba hii haijaingiliwa hivi hivi. Umesema nini, na umemwambia nani?"

Akamweleza. Walimu wa Kurani waliitwa, wakasoma mpaka sauti zikakauka, na harufu ya asumini ikazidi tu. Kisha likaanza la stata. Kila siku jua likikaribia kuzama, wakati kuku wanaingia kibandani mwao na Sumeiya anafunga madirisha, walisikia kutoka nyuma ya nyumba stata ikizungushwa, pole pole kwanza, kwa uzito, injini ikigoma, ikigoma, kisha kwa haraka zaidi, na zaidi, na kila siku ikikaribia kidogo kushika moto kuliko jana yake, hata wakawa wanakaa wote sebuleni, sahani zimepoa mbele yao, wakisubiri iwake au inyamaze, na Raiya asiye na sauti amejibanza kwenye ubavu wa mamake, kiganja kimeshika kifua. Mahmood alidhani ni woga.

Bi Nana ndiye aliyemtuma kwa Mama Kavumbi, mganga wa Vitengeni. Alimkuta senta, penye maduka, mbele ya karai la mihogo, anawahudumia wateja. Mahmood alimwamkia, mama akaitikia bila kuinua macho, akamwacha asimame mpaka mihogo ilipokwisha. Kisha akamsikiliza.

"Gari limekaa msituni miaka yote ile," akasema, "nawe wadhani lilikaa tupu? Huyo si mwizi, mwanangu. Wewe umemwahidi, na yeye anachukua chake. Akizindua kitu garini, huzima kitu kwako. Ameanza na vidogo."

Mahmood akauliza atafukuzwaje.

"Livunje. Kwa mkono wako, si wa kibarua. Alichokizindua ukivunje, na ambacho hajakizindua ukivunje vilevile. Kikibaki kimoja kizima, yumo."

Akaahidi. Alirudi Malindi akiwa amekata shauri kabisa, na shauri lile lilidumu mpaka alipofungua boneti.

Wapenzi wa makweche wana sheria moja wasiyoandika popote: kifaa kizima hakitupwi. Huwekwa. Hupewa mwenzako, huzungukazunguka, mwisho hupata gari. Mahmood aliitazama injini akafanya hesabu zake. Honi ilikuwa imemdhuru mtoto. Taa zilikuwa zimemdhuru mama. Injini ilikuwa imemdhuru nani? Haijawaka hata siku moja. Haina hatia. Basi asubuhi ya siku moja kabla ya kuja Mama Kavumbi akaing'oa kwa winchi, akaipakia kwenye pikapu, akaipeleka Kakuyuni kwa Hesbon.

"Nitunzie," akamwambia. Hakusema zaidi. Aliona haya kumsimulia Hesbon, mtu wa kanisani, habari za majini. Emily, mke wa Hesbon, alilalamika kwamba ua wake umegeuka jaa la vyuma, kisha akaileta chai kama kawaida yake.

Mama Kavumbi alikuja na mkoba wake na chetezo. Akalifukiza gari likatanda moshi, akaimba kwa Kigiriama kwa sauti ya chini, kavu, ya mtu anayedai chake. Akampa Mahmood nyundo. Honi ilipopasuka, kutoka barazani ilisikika sauti ya Raiya, ya kukwaruza, ikiita mamake. Sumeiya alilia kwa nguvu. Taa zilipovunjika, Bi Nana alisema, "Alhamdulillahi," akaomba aletewe mtoto amtazame. Mahmood alipiga na kupiga, machozi yanachuruzika, akavunja kioo, usukani, giaboksi, akakata chesisi vipande, na kila pigo lilimchoma kweli moyoni, sitaki kumnyima hilo.

Mama Kavumbi akachungulia penye uwazi, chini ya boneti.

"Injini?"

"Nishaivunja."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu," akasema Mahmood.

Mama yule akachungulia tena ule uwazi. Kisha akafunga mkoba wake. Yeye ni mganga, si polisi.

Nyumba ikatulia. Harufu iliondoka, na Raiya akalipiza siku zote za ububu: alisema akila, alisema akioga, alisema usingizini. Mahmood alimsikiliza mpaka mwisho wa kila hadithi, jambo ambalo zamani hakulifanya. Injini aliikumbuka mara moja moja, kama mtu anavyokumbuka akiba.

Kule Kakuyuni, Hesbon alikuwa akimwonea huruma. Alisikia gari limekatwakatwa. Sababu hakuijua, akadhani rafiki yake ameshindwa na kukata tamaa. Wenzao wote walikuwa wakijiandaa kwa safari ya kwenda kupanda makorongo ya Marafa, na Mahmood hakuwa na cha kuendesha. Hesbon alikuwa na bodi moja ya gari, tupu, uani. Akaifungia ile injini, akaisafisha kabureta, akatia plagi mpya, haya yote kimyakimya, amshtue mwenzake kwa furaha. Ilikuwa Jumamosi alasiri alipozungusha ufunguo. Injini ikashika kwa mguso wa kwanza.

Alasiri ile ile, Barani, Raiya alikuwa akimsimulia babake ugomvi wa wasichana wawili chuoni. "Basi yule akamwambia," akasema, na kiganja kikaenda kifuani. Akaanguka mbele, kwenye magoti ya Mahmood. Hospitali walimpokea wakamhamisha kitanda hiki hadi kile, na mwisho daktari akavua glavu zake akasema moyo umesimama, hata yeye hajui kwa nini.

Walimzika asubuhi. Mahmood mwenyewe alishuka kaburini hadi mwanandani kumpokea, akamlaza kwa ubavu, akamfungua kamba za sanda. Walipopanga mbao na kurudisha mchanga, alisaidia kwa mikono yake. Mchanga ukashindiliwa, maji yakanyunyizwa. Watu wakaanza kumpa mkono.

Hesbon alikuja mwisho, akasimama naye kando, macho mekundu.

"Bwana Mahmood, naona aibu kusema haya leo. Ile injini yako niliifunga kwenye bodi yangu, nikufurahishe. Imewaka jana alasiri, na haizimiki. Nimetoa ufunguo, nimechomoa betri, petroli nimekata. Usiku kucha inanguruma tu. Nimeiacha ikinguruma nikaja."

Mahmood alimtazama mdomo. Jana alasiri. Kwa hivyo moyo wa Raiya haukusimama. Ulichukuliwa, na sasa hivi ulikuwa Kakuyuni, unapiga. Na kifaa kikivunjwa, kilichochukuliwa hurudi kwa mwenyewe, alikuwa ameona kwa macho yake, alisikia sauti ya mtoto ikirudi koo likiwa lile lile. Alihesabu haraka, akili yake yote ikiwa safi kuliko ilivyopata kuwa: kwanza wafukue, wamtoe, wamfikishe nyumbani kwa mamake, ndipo injini ivunjwe. Isiguswe kabla. Akafungua mdomo aseme isiguswe.

Simu ya Hesbon ikaita. Akasikiliza, akashusha pumzi, akamshika Mahmood bega.

"Afadhali," akasema. "Ni Emily. Kelele zilimchosha, ameipiga nyundo mpaka imenyamaza. Basi, hilo lisikusumbue tena."

Mahmood alianguka kwa magoti akaanza kuchimba kwa vidole. Mchanga ulikuwa na maji, mzito, umeshindiliwa vizuri na watu waliompenda. "Yu hai," akawaambia. "Moyo umerudi. Fukueni, yu hai." Walikimbilia kumshika, binamu zake na majirani, wakamwinua kwa upole mikono na miguu, kwani wengi wao walishamwona baba akirukwa na akili makaburini. Hesbon, rafiki yake, ndiye aliyemkumbatia kwa nguvu zaidi. Subira, wakamwambia, subira, Mahmood, ndiyo kazi ya Mungu. Imamu akainua sauti ya dua, na wengine wakaitikia kwa sauti kubwa kumsitiri mwenzao aibu ya kilio kile.

Aliwaomba wanyamaze kidogo tu, wasikilize chini. Hakuna aliyenyamaza.